Viatu vya Mama: Kutoka Funza hadi Mitumba

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unapungua)

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo nataka tuzungumze kuhusu kitu ambacho pengine umekivaa sasa hivi wala hukifikirii. Nataka tuzungumze kuhusu viatu. Leo tuviache kando viatu vya watoto na vya baba. Tuzungumze kuhusu viatu vyako wewe mama, unayesimama tangu alfajiri hadi usiku.

Siku moja alikuja kliniki mama mmoja anayeuza mboga. Alilalamika kwamba mgongo unamuuma na miguu inawaka moto kila jioni. Nilimwomba avue viatu ili nimwangalie miguu. Alisita kidogo, kisha akavivua. Vilikuwa viatu vyeusi vya shule, ambavyo binti yake aliviacha baada ya kununuliwa vingine. Ubavuni vilikuwa vimekatwa kwa kisu ili kidole gumba kipate nafasi, na soli imelika upande mmoja hadi karibu kutoboka. Nikamuuliza, "Mama, mara ya mwisho kujinunulia viatu ilikuwa lini?" Akacheka, akasema, "Sista, mimi sijajinunulia viatu tangu nimzae huyu wa tatu. Vya watoto kwanza." Huyo wa tatu yuko gredi ya sita.

Mpenzi msikilizaji, huenda nawe ungejibu hivyo hivyo. Ndiyo maana leo nimechagua kukusimulia historia. Tukijua viatu vilifikaje katika miguu yetu, na ni nani aliyevipata kwanza, tutaelewa kwa nini mama amekuwa wa mwisho, na kwa nini jambo hilo linamgharimu afya yake.

Tuanzie mbali. Watu wa sehemu hizi hawakuwa wajinga wa viatu. Wafugaji walikata ndara za ngozi ya ng'ombe ili kujikinga na miiba na mawe ya moto. Huko pwani, mafundi walishona makubadhi ya ngozi, na watu walivaa mitalawanda, yaani viatu vya mbao, wakienda kisimani au msalani ambako kuna majimaji. Hata hivyo, watu wengi walitembea miguu mitupu, hasa wakulima wa bara. Nyayo zilikuwa ngumu na vidole vimepanuka vizuri, na mtu aliweza kwenda safari ndefu bila shida kubwa.

Kisha akaja mgeni mbaya. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilisafiri kutoka Rio de Janeiro, nchini Brazil, hadi Ambriz, katika pwani ya Angola. Ilikuwa na mchanga wa kuipa uzito isiyumbe baharini. Ndani ya mchanga huo walikuwamo funza. Hapo kabla, wadudu hawa waliishi Amerika ya Kusini na visiwa vya karibu yake. Baada ya kushuka Angola, walisafiri na wasafiri, wapagazi na askari, kijiji hadi kijiji, wakapita Kongo hadi maziwa yetu makuu. Kabla ya karne ya 19 kwisha, walikuwa wamefika Afrika Mashariki hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Fikiria, msikilizaji: katika muda wa miaka 30 hivi, mdudu mdogo kuliko punje ya wimbi alikuwa amevuka bara zima kwa miguu ya watu.

Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, na wajenzi wake waliteswa na funza pamoja na malaria. Watu hawakumjua mdudu huyu wala namna ya kumtoa. Vidole vilioza na watu wakashindwa kutembea. Nyanya yangu, aliyekulia upande wa Murang'a, alinisimulia kwamba walipokuwa watoto walikaa jioni karibu na moto wakitolewa funza kwa mwiba au pini, mmoja baada ya mwingine, kwa pini ile ile. Leo tunajua hatari ya pini ya kushirikiana. Inaweza kuleta pepopunda, na inaweza kupitisha virusi vya ukimwi na vya homa ya ini. Kwa hivyo ukimwona mtoto au mzee ana funza, usimchokonoe. Mpeleke kituo cha afya, nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, na umvishe viatu.

Adui wa pili alikuwa ardhini siku zote, lakini hakuna aliyemwona akiingia. Huyu ni mnyoo wa safura. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi Mjerumani aitwaye Arthur Looss alikuwa akifanya utafiti huko Cairo, nchini Misri. Maji yenye viluwiluwi vya minyoo hiyo yalimmwagikia mkononi. Ngozi ikamwasha, na baadaye akakuta mayai ya minyoo katika choo chake. Hapo ndipo alipogundua kwamba mnyoo huyu huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Anayekanyaga udongo uliochafuliwa kwa kinyesi, akiwa miguu mitupu, ndiye anayempata.

Huko kusini mwa Marekani watu wengi maskini walikuwa wamelegea kwa kupungukiwa damu, na wenzao wakawaita wavivu. Kati ya mwaka 1909 na 1914, kampeni kubwa iliyogharamiwa na tajiri John D. Rockefeller iliwapima watu na kuwatibu, ikawahimiza kujenga vyoo na kuvaa viatu. Ikadhihirika kwamba wengi wao walikuwa wagonjwa. Akina mama, jambo hili linatuhusu. Mjamzito mwenye safura hupoteza damu kidogo kidogo, na akifika siku ya kujifungua hana akiba. Hii ni sababu mojawapo ya kupewa dawa za minyoo na vidonge vya kuongeza damu kliniki. Kiatu chako cha kwendea shambani na chooni kinafanya kazi pamoja na vidonge hivyo.

(Muziki mfupi)

Sasa tujiulize, viatu vya kiwandani vilipofika Kenya, nani alivipata kwanza?

Havikufika kwa wote kwa pamoja. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918, vijana wengi wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Mwingereza. Jina lao limebaki Nairobi hadi leo katika mtaa wa Kariakor. Wengi walibeba mizigo kwa miezi mingi bila viatu, kwenye matope na mawe. Hata askari Waafrika wa jeshi la KAR waliandamana miguu mitupu huku maafisa wao Wazungu wamevaa buti. Maelfu ya wapagazi walifariki, na wengi wao waliuawa na maradhi kuliko risasi.

Baada ya hapo viatu vilianza kuonekana kwa karani, mwalimu, mhubiri na polisi. Kiatu kikawa alama ya mtu aliyesoma au anayepokea mshahara. Nyanya yangu alinieleza kwamba walipokwenda kanisani, waliokuwa na viatu walivibeba mkononi njia nzima. Wakifika karibu na kanisa waliosha miguu mtoni, wakavivaa, wakaingia. Ibada ikiisha, viatu vinarudi mkononi. Kiatu kilikuwa cha heshima, si cha kazi. Jembe lilishikwa miguu mitupu, kuni zilibebwa miguu mitupu, na maji vile vile. Na kazi hizo nyingi zilikuwa za nani? Za mama.

Nadhani desturi ile bado iko ndani yetu. Mama anaweza kuwa na viatu vizuri vya Jumapili vilivyofungiwa kwenye karatasi chini ya kitanda, avivae saa tatu kwa wiki. Lakini Jumatatu hadi Jumamosi, anaposimama saa kumi na mbili kwa siku, anavaa malapa yaliyokatika na kushikiliwa kwa msumari.

Viwanda ndivyo vilivyoteremsha bei. Mwaka 1894, katika mji wa Zlín ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, kijana aitwaye Tomáš Baťa pamoja na kaka yake na dada yake walianzisha karakana ya viatu. Kampuni hiyo ilisambaa duniani, na kiwanda chake cha Limuru kimekuwapo tangu enzi za ukoloni. Wengi wetu tuliosoma shule hapa nchini tunakumbuka raba za turubai na viatu vyeusi vya ngozi vya mwanzo wa muhula. Sikutajii hayo ili ukanunue vya kampuni fulani. Nakuonyesha kwamba baada ya uhuru wa mwaka 1963, kadiri shule zilivyoongezeka, mtoto wa shule akawa mtu wa kwanza nyumbani kununuliwa viatu. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mama akabaki nyuma tena.

Mafundi wetu nao hawakulala. Ulaya na Marekani walikuwa wamejifunza kuukausha mpira kwa moto na kiberiti ili usiyeyuke juani, jambo alilogundua Charles Goodyear mwaka 1839. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la upepo. Magari yalipofika kwetu na matairi yakachakaa, mafundi wa jua kali waliyakata wakatengeneza akala. Akala hazitobolewi na mwiba, hazinyonyi maji, na hudumu miaka. Kwa kukinga unyayo, zimewasaidia wengi. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu. Ukisimama nazo siku nzima juu ya sakafu ya saruji, kisigino hakipati mto wowote wa kukipunguzia mshindo.

Jambo jingine la kustaajabisha ni hili. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, viatu vingi vya Ulaya na Marekani vilitengenezwa kwa umbo moja, bila wa kulia wala wa kushoto. Mvaaji alivumilia hadi kiatu kikubali umbo la mguu wake. Kwa hivyo lile neno la muuzaji, "Chukua tu mama, kitalegea," ni la zamani sana. Siku hizi huna sababu ya kulikubali. Kiatu kinachobana dukani kitabana nyumbani.

Kisha kukaja mitumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, viatu vya mitumba vilijaa Gikomba na katika masoko ya mashambani. Viwanda vya hapa vilipata pigo, na watu walipoteza kazi. Lakini kwa mara ya kwanza mama wa kawaida aliweza kupata raba nzuri yenye soli laini kwa bei anayoimudu. Mwaka 2020, uingizaji wa mitumba uliposimamishwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya korona, tuliona jinsi familia nyingi zinavyoitegemea.

Mitumba pia ilituletea mchanganyiko wa namba. Vipimo vya Uingereza huongezeka kwa theluthi moja ya inchi kwa kila namba, kipimo cha zamani kilichotokana na urefu wa punje ya shayiri. Vya Ulaya huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita. Vya Marekani vina hesabu yake, na vya wanawake ni tofauti na vya wanaume. Kiatu kimoja cha mama kinaweza kuandikwa 6 kwa namba za Uingereza, 39 kwa za Ulaya na 8 kwa za Marekani, au karibu na hapo. Kwa hivyo usinunue namba. Nunua kinachoutosha mguu wako.

(Muziki mfupi)

Akina mama, kusimama pia kuna historia yake. Zamani huko Uingereza, wasichana waliouza madukani walisimama tangu asubuhi hadi usiku, wakakatazwa kukaa hata kama hakuna mteja. Wengi waliugua. Mwaka 1899 bunge la huko lilipitisha sheria kwamba duka liwe na angalau kiti kimoja kwa kila wauzaji watatu wa kike. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kukaa kwa wafanyakazi ambao kazi yao inawapa nafasi ya kupumzika. Pia inamtaka awape kinga, zikiwemo viatu pale vinapohitajika, wale wanaofanya kazi penye majimaji au vitu vya kudhuru. Ikiwa unafanya kazi katika shamba la maua, machinjioni au kwenye nyumba ya kufua nguo, gambuti si zawadi kutoka kwa msimamizi.

Kwa nini kusimama kunaumiza? Kila mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26 inayobeba uzito wako wote. Damu ikishafika miguuni lazima ipande tena hadi moyoni. Kinachoisukuma ni misuli ya shavu la mguu, na misuli hiyo hufanya kazi unapotembea. Ukisimama tuli, pampu hiyo imezimwa. Damu hutuama, miguu huvimba, na kwa miaka mingi mishipa inaweza kutuna na kujipinda kama kamba chini ya ngozi. Ukiwa mjamzito mzigo unaongezeka na viungo vinalegea, hata unyayo unashuka na kupanuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha mwaka 2013 matokeo yanayoonyesha kwamba nyayo za akina mama wengi hurefuka baada ya mimba ya kwanza, na hazirudi kama zamani. Kwa hivyo ukiona viatu vya kabla ya ndoa havikutoshi tena, si kwamba umeviosha vikanywea.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa maumivu. Nilipoanza kazi wodini nilinunua viatu vyeusi vyembamba mbele, vya bei rahisi, kwa sababu vilipendeza na sare. Zamu ya usiku ilikuwa saa kumi na mbili, sakafu ni saruji. Baada ya wiki mbili vidole vilitoka malengelenge, na nikawa natembea kwa ukingo wa mguu. Usiku mmoja niliitwa haraka kwa mama aliyekuwa akitokwa na damu baada ya kujifungua. Niliivua jozi ile nikakimbia na soksi. Mama alipona, lakini sijasahau kwamba niliukanyaga umajimaji wa wodi kwa soksi, mimi ninayewafundisha wengine usafi. Kufika mwisho wa mwezi nilinunua viatu vingine vipana, na vile vyembamba sikuvivaa tena.

Basi, ukienda kununua viatu vya kazi, fuata haya.

Kwanza, nenda alasiri au jioni. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kinachokutosha saa mbili asubuhi kinaweza kukubana saa kumi.

Pili, pima miguu yote miwili ukiwa umesimama. Mara nyingi mmoja ni mkubwa kidogo. Nunua cha ule mkubwa. Ukimtuma mtu sokoni, kanyaga karatasi, chora unyayo wako kwa kalamu, mpe aende nayo. Kiatu kikiwa chembamba kuliko mchoro, asikinunue.

Tatu, mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viweze kucheza. Nyuma, kisigino kisichomoke unapotembea.

Nne, kikunje kiatu. Kinatakiwa kupinda pale vidole vinapoanzia. Kikipinda katikati kama chapati, hakitashika unyayo wako. Bonyeza sehemu ya nyuma inayozunguka kisigino; iwe imara.

Tano, angalia soli. Iwe nene, ikibonyea kidogo, na iwe na michoro ya kuzuia kuteleza. Kisigino kisizidi upana wa vidole viwili. Soli tambarare kabisa kama ya malapa nayo haifai kwa kusimama siku nzima.

Sita, kama ni mtumba, kiweke mezani ukiangalie kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, aliyekivaa kabla yako alikilemaza, nacho kitakulemaza wewe. Vuta soli uone kama gundi imeachia. Chimba soli kidogo kwa ukucha. Raba iliyokaa miaka mingi ghalani inaweza kuonekana mpya kumbe soli imeoza kwa ndani, na utaiacha vipande vipande njiani. Ukifika nyumbani toa bitana ya ndani, ioshe kwa sabuni, na uanike kila kitu juani hadi kikauke kabisa, kwa sababu ya ukungu wa miguuni.

Saba, piga hesabu. Tuseme viatu vya shilingi 500 vinadumu miezi mitatu, na vya shilingi 1,800 vinadumu mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo utanunua vile vya 500 mara sita, jumla shilingi 3,000, na maumivu juu yake. Najua shilingi 1,800 hazipatikani kwa siku moja. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na chama kinachonunua sufuria kinaweza pia kununua viatu kwa zamu. Tena mpelekee fundi wa viatu mapema, soli ikianza tu kuachia. Kushona ni nafuu kuliko kununua.

Na hata kiatu kizuri hakiwezi peke yake. Jitafutie kigoda sokoni. Hamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, inuka kwa vidole mara kumi kila baada ya muda, na jioni inua miguu juu ya mto kwa robo saa. Ikiwezekana uwe na jozi mbili, moja ikauke wakati umevaa nyingine.

Kuna dalili ambazo haziponi kwa kubadilisha viatu. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma shavuni, hasa ukiwa mjamzito au umejifungua karibuni, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana damu inaweza kuwa imeganda mshipani. Mjamzito akivimba uso na mikono, akaumwa kichwa au kuona giza, asingoje kesho. Na mwenye kisukari achunguze nyayo zake kila usiku, na apitishe mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Ganzi humfanya asisikie jiwe wala kidonda, na kidonda kidogo cha kiatu kinachobana kimewahi kumkosesha mtu mguu.

Nimalizie kwa kurudi kwa yule mama muuza mboga. Tulichora unyayo wake kwenye karatasi pale kliniki. Alikuwa akivaa kiatu kifupi kwa namba mbili nzima. Baada ya miezi miwili zamu yake ya chama ilifika, akajinunulia raba pana ya mtumba. Aliporudi kumleta mtoto, nilimuuliza hali ya mgongo. Akasema haujapona kabisa, lakini sasa anafunga kibanda saa moja jioni badala ya saa kumi, kwa sababu anaweza kusimama. Binti yake, aliniambia, ndiye aliyemwosha viatu vipya siku ya kwanza.

Askari walipata buti, karani akapata viatu vya mshahara, mtoto akapata vya shule. Zamu ya mama imechelewa mno. Jioni ya leo, ukishavua viatu vyako, viweke mezani uviangalie kwa nyuma. Kisha simama juu ya karatasi, umwambie mtoto akuchoree unyayo wako.

Kwa leo tukomee hapo.  

(Muziki wa kufunga kipindi)